Jina Lako Nani, Basanti?

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, mtu akizidisha maneno haambiwi anyamaze. Anaachwa aseme mpaka maneno yamwishie mwenyewe, kisha baba anamtazama kwa upole na kumuuliza: "Jina lako nani, Basanti?"

Mume wangu aliulizwa hivyo siku ya kwanza alipokuja kwetu kula. Alikuwa ametoka Moshi kwa basi, akatusimulia safari nzima: basi lilivyoharibika kabla ya kufika Segera, konda alivyogombana na mama mwenye kuku, mahindi ya kuchoma yalivyopandishwa bei dirishani, nani alilala na nani alitapika. Baba alisikiliza yote. Halafu akauliza swali lake. Mume wangu, kwa adabu zake zote, akakaa vizuri na kutaja jina lake, la baba yake na la babu yake. Mdogo wangu aliinuka na sinia ambalo watu hawajalimaliza, akaenda kuchekea jikoni.

Maneno hayo si ya baba. Ni ya Sholay, picha la Kihindi la mwaka 1975, ambalo Ramesh Sippy aliliongoza na Salim Khan na Javed Akhtar wakaliandika. Basanti ni msichana anayeendesha gari la farasi, na aliyemwigiza ni Hema Malini. Anawapakia vijana wawili, Jai na Veeru, wezi waliotoka jela, na tangu farasi ainue mguu yeye anasema. Anasema habari za kijiji, habari za farasi wake, habari zake mwenyewe, na katikati ya mafuriko hayo anawahakikishia wageni kwamba yeye hana mazoea ya kusema ovyo. Jina lake ameshalitaja njiani kiasi ambacho hata mlevi angelishika. Ndipo Jai, yaani Amitabh Bachchan, aliyekuwa kimya muda wote, anapomuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: "Tumhara naam kya hai, Basanti?"

Litazame swali hilo kwa karibu. Mzigo wote umebebwa na neno la mwisho. Ondoa "Basanti" na linabaki swali la karani wa posta. Lipeleke jina mwanzoni, "Basanti, jina lako nani?", na kicheko kinafika mapema, kimeshapoa. Kwa bahati njema Kihindi na Kiswahili vyote vinakubali jina likae mkiani, kwa hiyo baba hakulazimika kubadili kitu. Alilichukua lilivyo akalileta nyumbani, na limekaa kwetu zaidi ya miaka arobaini.

Baba alikuwa karani wa mizigo bandarini, na katika ujana wake Jumapili ilikuwa siku ya Majestic. Wazee wa Tanga hawasemi filamu, wanasema picha: kwenda kuangalia picha, leo picha gani, picha imekatika. Kihindi hakukijua. Ukimuuliza sasa alielewaje, anashangaa kuulizwa, halafu anakuhesabia vidoleni: duniya ni dunia, waqt ni wakati, khabar ni habari, safar ni safari, kitab ni kitabu, mohabbat ni mahaba. Maneno yaliyotoka kwa Waarabu yalikwenda kwao na kuja kwetu, kila moja kwa jahazi lake, yakakutana tena gizani ukumbini. Akishika kumi ya namna hiyo, sura za waigizaji zinamalizia. Na asilolishika alimuuliza kesho yake rafiki yake wa Kihindi, muuza vitambaa, ambaye naye alikuwa hachoki kulirudia.

Nimesikia watu wakisema kwamba wazee wetu walifuata ngumi na nyimbo tu, mazungumzo hawakujali. Inaniuma kusikia hivyo, maana nimelelewa na mtu aliyetoka ukumbini na maneno mdomoni kama wengine wanavyotoka na karanga. Wala si yeye peke yake duniani. India kwenyewe kampuni ya Polydor ilitoa santuri za mazungumzo ya Sholay. Si nyimbo, mazungumzo. Watu walizinunua kwa wingi, wakakaa majumbani wakisikiliza wenzao wanavyojibizana. Mac Mohan, aliyekaa juu ya jabali na bunduki akimlinda mkuu wa majambazi, alipewa maneno matatu tu ya kukumbukwa, "Poore pachaas hazaar", elfu hamsini kamili, na kwa hayo matatu aliitwa Sambha, jina lake la kwenye picha, mpaka alipokufa.

Lakini kipenzi cha baba ni bwana jela. Asrani ndiye aliyemwigiza, na masharubu yake mafupi, kifua mbele, macho yakizunguka. Alisimulia kwamba waandishi walimpa picha za Hitler azitazame, aone mtu anavyojipanga mbele ya kamera. Anaingia mbele ya wafungwa na kutangaza: "Mimi ni bwana jela wa enzi za Mwingereza!" Hapo, baba anasema, ukumbi wa Majestic ulishindwa kusikia kilichofuata. Tanga yote ilimjua mtu huyo. Kila ofisi ilikuwa na mzee wake wa enzi za Mwingereza, kaptula imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, anayekukumbusha kila ukichelewa dakika mbili kwamba yeye alifundishwa kazi na Mzungu. India ilipata uhuru 1947, sisi 1961, na maneno hayo yalihama nchi bila hata kubadili shati.

Kisha bwana jela huyo anawapanga askari wake: "Nusu waende huku, nusu waende kule, na waliobaki wanifuate." Askari wanatii neno kwa neno. Nusu huku, nusu kule, na yeye anaondoka kwa mikogo, nyuma yake hakuna mtu. Kwetu amri hii hutolewa kila palipo na safari ya harusi au msiba, magari mawili na watu kumi na tisa. Baba anasimama barazani, anaitoa. Tofauti ni kwamba kwetu waliobaki wapo, nao huenda kwa miguu mpaka kituo cha daladala.

Picha za Kizungu zilikuja nyumbani kwa njia nyingine. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, lakini jirani yetu mmoja alirudi kutoka Uarabuni na deki, na mikanda akawa anaazima mjini. Jioni tulitandika mikeka uani kwake. Hakuna aliyejua Kiingereza cha kutosha isipokuwa baba, na chake kilikuwa Kiingereza cha makaratasi ya meli. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri, kwa malipo ya chai ya tangawizi. Baadaye nilipoingia vibanda umiza Dar es Salaam na kumsikia Lufufu akiingiza sauti yake kwenye mikanda, nilikuwa nimeshaizoea kazi hiyo. Niliifahamu tangu uani.

Nilijifunza hapo jambo ambalo bado linanishughulisha mpaka leo. Maneno ya kuchekesha yana tabia zake mtu akitaka kuyavusha. Mengine yanavuka yenyewe. Mengine yanagoma. Na mara chache neno linavuka na kumfunulia msikilizaji kitu ambacho aliyelisikia kwa lugha yake alikuwa amelipita.

Jaws nayo ni ya 1975, ya Steven Spielberg. Papa anakula watu ufukweni, na wanaume watatu wanakwenda kumsaka kwa boti ya mvuvi aitwaye Quint. Mkuu wa polisi, Brody, aliyeigizwa na Roy Scheider, yuko nyuma ya boti anamwaga chambo, sigara mdomoni, ananung'unika. Papa anaibuka mbele yake, kichwa kizima na meno yake. Brody hapigi kelele. Anarudi kinyumenyume mpaka kwa Quint na kumwambia: "Utahitaji boti kubwa zaidi." Carl Gottlieb, mmoja wa walioiandika, ameeleza kwamba maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa utani wa wafanyakazi wenyewe, kwa sababu boti iliyolisaidia tishari la vifaa vyao ilikuwa ndogo mno, na kila kitu kikienda mrama mtu alisema hivyo. Scheider akayachomeka.

Baba alimsimulia kisa hicho nahodha mmoja wa Sahare aliyekuwa akituletea samaki. Walikaa barazani, changu wako kwenye kikapu, nami napepea nzi. Nahodha hakucheka. Aliuliza, "Alisema utahitaji, au tutahitaji?"

"Utahitaji," baba akajibu.

"Basi huyo si mtu wa baharini. Wa baharini angesema tutahitaji."

Picha hakuwa ameiona, na baba hakuwa amemwambia Brody ni nani. Lakini Brody ni askari wa nchi kavu anayeogopa maji, na ndivyo alivyo tangu mwanzo wa picha. Nahodha alimtambua kwa silabi moja. Kisha kicheko kikamshika, taratibu, kikapanda mpaka kofia ikamwanguka. Akawa anarudia, "U-tahitaji! Na yumo humohumo chomboni!" Tangu siku ile siwezi kuisikia sentensi hiyo bila kuisikia ile "u". Mtu anauona mwisho wake, na tatizo bado analiona ni la mwenye boti.

Yako na yaliyogoma. Casablanca ya mwaka 1942 ilimshinda baba kwa sababu ambayo Hollywood haikuifikiria. Kapteni wa polisi anamuuliza Rick, yaani Humphrey Bogart, kilichomleta mji huo. Rick anasema afya: alifuata maji ya kutibu. Maji gani, anaulizwa, hapa tuko jangwani. Naye anajibu, "Niliambiwa sivyo." Jibu kavu, zuri sana, mtu anafunga mlango wa maisha yake bila kuubamiza. Ila baba alikuwa mtu wa bandari. "Casablanca ni bandari," alisema, "tena kubwa, iko kwenye Atlantiki. Jangwa wameliona wapi?" Watu wote uani wakageuka kujadili ramani, na picha ikaenda bila sisi. "Niliambiwa sivyo" ilibaki, lakini. Mama hulitumia akirudi sokoni bila alichoagizwa.

Mchekeshaji Groucho Marx katika Animal Crackers ya 1930 anasimulia kwamba asubuhi moja alimpiga risasi tembo ndani ya pajama yake. Tembo aliingiaje humo, hajui. Kiingereza kinaacha wazi nani alikuwa amevaa pajama. Kiswahili hakina subira hiyo, kinataka kujua mara moja: nikiwa, au akiwa? Nimejaribu "ndani ya pajama" na inakaa, lakini mtu wa Tanga ukimwambia umeianza asubuhi yako na tembo, ameshafikiria tembo la mnazi.

Lililonifurahisha kuliko yote ni la Airplane! ya mwaka 1980. Abiria wameugua, marubani wameugua, na daktari, ambaye ni Leslie Nielsen, anamuuliza abiria mmoja kama anaweza kuiendesha ndege na kuitua. Hakika unatania, anaambiwa. Neno la Kiingereza lililotumika hapo kwa "hakika" linatamkwa sawa na jina la kike, Shirley. Daktari anajibu kwamba hatanii, na asiitwe Shirley. Miaka mingi baba alikiruka kipande hicho, anakohoa kidogo, tunaendelea. Mpaka siku moja mdogo wangu, akiwa darasa la sita, alisema kutoka pembeni ya mkeka: "Sitanii. Na usiniite Hakika."

Baba alisimamisha deki. Alimtazama mtoto kama mtu aliyeletewa barua aliyoingoja muda mrefu. Maana kweli, kwetu majina ni maneno. Tuna Shida, tuna Tabu, tuna Furaha, tuna Sikujua, na Hakika anaweza kuwa jirani yako wa mlango wa pili. Kitu ambacho Kiingereza kilikipata kwa bahati ya sauti mbili kufanana, Kiswahili kilikuwa nacho tayari kwenye daftari la shule.

Waongozaji wa picha hiyo, Jim Abrahams na ndugu wawili David na Jerry Zucker, walitafuta kwa makusudi waigizaji waliozoeleka kwenye picha nzito, na Nielsen alikuwa mmojawao. Anasema maneno yale kama daktari anayekupa majibu ya vipimo. Hapo ndipo penyewe, kwa maoni yangu, na ndiyo maana siwapendi waigizaji wanaocheka kabla yetu. King Majuto wetu, Amri Athumani, aliyezaliwa hapahapa Tanga mwaka 1948 na kufariki Agosti 2018, aliijua siri hiyo kuliko wote niliowaona. Yeye anagomba. Amedhulumiwa kweli, anataka haki yake kweli, sauti inamkauka, na sisi ndio tunaoanguka chini. Nilipokuwa mdogo nilimhurumia kwanza, nikacheka baadaye, na sijui mchekeshaji mwingine aliyenifanyia hivyo.

Sasa nirudi kwenye Sholay, kwa sababu kuna kipande ambacho nilikiweka akiba.

Veeru anampenda Basanti na anataka kumposa. Basanti hana wazazi, analelewa na mama yake mdogo, kwa hiyo Veeru anamtuma Jai kuwa mshenga. Salim na Javed hawakukitoa hewani: Javed alipotaka kumwoa Honey Irani, Salim ndiye aliyekwenda kuzungumza na mama wa binti. Jai anakaa mbele ya bi mkubwa yule, aliyeigizwa na Leela Mishra, uso wa huzuni, na anaanza kumsifu rafiki yake. Anapata kiasi gani? Majukumu yakimfika ataanza kupata, mama, na kwani mtu anaweza kushinda kila siku? Kushinda? Yaani mcheza kamari? Hapana, mama, kijana mwema sana, ila pombe ikishampanda hajui anachofanya. Mlevi? Na kadhalika, kila sifa inafukua aibu mpya, na mshenga anazidi kuwa mpole. Mwishoni bi mkubwa anauliza, na ukoo wake je? Jai anamjibu kwa heshima zote: ukoo wake tukiujua tu, tutakuleteeni habari.

Kwa watu wa pwani kipande hiki si mzaha mtupu. Mshenga kwetu ni kazi. Anachaguliwa mtu mwenye ulimi na mwenye siri, anayejua lipi la kutanguliza na lipi la kulifunika na kanzu. Baba alikuwa anakitazama kile kipande kama fundi anayetazama ukuta uliojengwa makusudi umepinda.

Mwaka 2006 kaka yangu mkubwa aliposa Pangani. Wakati huo kiwanda alichokuwa akifanya kazi kilikuwa kimewapunguza watu, naye akiwemo. Mshenga alikuwa ami, mdogo wake baba. Tuliondoka Tanga mapema, barabara ya vumbi, Tongoni, Kigombe, mpaka kofia za wazee zikawa rangi ya kahawia. Wanaume waliketi sebuleni. Sisi wanawake tuliingizwa chumba cha ndani, pazia katikati, na bibi yake binti alikuwa humo amekaa kwenye mkeka anasuka ukili.

Mambo yakaenda vizuri mpaka mzee wa upande wa binti, ami yake mkubwa, alipouliza: "Kijana ana shughuli gani?"

Kimya. Nilisikia vikombe. Nilijua ami ameandaa maelezo marefu kuhusu kiwanda, yenye tarehe na matumaini, kwa sababu alikuwa akiyarudia njia nzima. Badala yake nikasikia sauti yake, polepole: "Majukumu yakimfika, ataanza kupata."

Kimya kingine, kirefu zaidi. Baba aliniambia baadaye kwamba mgongo ulimlowa. Halafu yule mzee akauliza, kwa sauti ambayo nayo ilikuwa imebadilika kidogo: "Na ukoo wake je?"

"Tukiujua tu," akasema ami, "tutakuleteeni habari."

Kilichofuata sitakisahau. Wazee wawili ambao hawajawahi kuonana walilipuka. Mmoja alikuwa anagonga mkeka kwa kiganja. Kumbe mzee yule naye, katika ujana wake, alikuwa akija Tanga kwa lori la nazi, na akishauza anapitia Majestic kabla ya kurudi. Walianza kukumbushana, mmoja anaanza, mwingine anamalizia, vijana wa pande zote mbili wanatazamana hawajui kama posa imeharibika au imekubaliwa. Ndipo ami alipoeleza habari za kiwanda, kwa maneno machache, bila kupamba, na yakapokelewa yalivyo.

Kule ndani bibi aliuliza wanaume wanacheka nini. Mkwe wake mmoja, aliyekuwa amechungulia, akamwambia kwamba mposaji hana kazi, na wazee wanafanya mzaha. Bibi hakuinua macho. Alilowesha kidole, akachomeka mwaa mpya, akavuta.

"Basi," akasema, "nani hana lake?"

Na akaendelea kusuka.

Miaka imepita. Kaka ana watoto watatu. Mwaka jana, wakati wa masika, nilikwenda kukaa kwa baba wiki mbili. Macho yake yamepungua, lakini picha bado anapenda, nami nilikuwa na Some Like It Hot kwenye kompyuta, picha ya Billy Wilder ya mwaka 1959. Mwaka 2000 taasisi ya filamu ya Marekani iliitaja kuwa picha ya Kimarekani inayochekesha kuliko zote, na nilitaka asiikose. Wanamuziki wawili wanakimbia majambazi, wanajivika nguo za kike na kujiunga na bendi ya wanawake. Mmoja wao, Jerry, aliyeigizwa na Jack Lemmon, anapendwa na tajiri mmoja mzee, Osgood, ambaye ni Joe E. Brown, na tajiri anataka ndoa.

Mwisho wao wako kwenye boti, Osgood anaendesha, anatabasamu. Jerry anatafuta njia ya kumkatisha tamaa. Nywele zangu si za asili. Si kitu. Navuta sigara. Sijali. Miaka mitatu nimeishi na mpiga saksafoni. Nakusamehe. Siwezi kuzaa. Tutalea wa wenzetu. Jerry anachoka, analivua wigi na kusema kwa sauti yake nzito: mimi ni mwanaume! Osgood, bila kuondoa macho kwenye maji, anasema neno la mwisho la picha. Wilder na mwandishi mwenzake, I. A. L. Diamond, walikuwa wameliweka kwa muda tu, wakitumaini watapata bora zaidi. Halikupatikana. Wilder alipokufa mwaka 2002, sehemu ya sentensi hiyo iliandikwa kwenye jiwe la kaburi lake.

"Amesema nini?" baba akauliza.

"Hakuna aliyekamilika," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Hiyo hotuba ya Ijumaa."

Nikajaribu tena. "Kila mtu ana kasoro zake."

"Huyo hakimu. Yule mzee hahukumu, mwanangu. Waona anavyoendesha? Hata usukani hajautikisa."

Nilijaribu nyingine mbili tatu, na kila moja ilikuwa na maana sahihi na haikuwa yenyewe. Mvua ilikuwa inapiga bati. Baba alikaa kimya akiutazama ukuta, na mimi nikadhani ameshaliacha.

"Wamkumbuka yule bibi wa Pangani?" akasema.

Nilimkumbuka. Mimi ndiye niliyemsimulia, ndani ya gari, siku ileile tukirudi. Kabla sijafungua mdomo alinyoosha kidole kwenye kompyuta. "Rudisha pale kwenye boti."

Nikarudisha. Nywele, sigara, mpiga saksafoni, watoto. Jerry akalivua wigi. Osgood akapumua kutaka kusema, na baba akamtangulia, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesuka ukili:

"Basi, nani hana lake?"

Tulirudisha mara tatu. Mara ya tatu boti ilipotoweka na maandishi ya mwisho yakatokea, aliinama karibu na kioo, macho yake yakihangaika.

"Na mshenga wake," akauliza, "alikuwa nani?"